Mbuzi wa Mama na Malaika wa Kaburini

Jumapili, 2 Machi

Darasa la ubatizo tena baada ya ibada. Viti havikutosha, wengine wakakaa dirishani. Nimefundisha kama kawaida ingawa Mama yuko mochari tangu Jumatano. Mchungaji aliniambia nipumzike. Nikipumzika nitazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Akinyi aliuliza lile swali lake. Ni mama mzima, ana wajukuu, anauza omena, wale dagaa wadogo, kule Lindi, Kibera. Ndiye pekee anayesoma kabla ya kuja. Injili moja inasema kaburini kwa Yesu kulikuwa na malaika mmoja, nyingine inasema wawili. Hata wanawake walioenda hawafanani idadi. "Mwalimu, mimi nikienda korti na mashahidi kama hao, kesi imeanguka. Sasa nibatizwe nikiamini nani?"

Nilimpa jibu la kukariri. Hakuridhika. Hata mimi sikuridhika. Nimerudi Kawangware nimemkasirikia, na hajanikosea chochote.

Jumatatu, 3 Machi

Kioko amepiga simu nikiwa kwa cherehani. Ni ndugu yangu kwa baba, mtoto wa mke mkubwa, na ndiye anayekaa nyumbani Kitui. Anasema Mama hatazikwa pale. Eti Baba hakumpelekea ntheo.

Ntheo ni wale mbuzi mwanamume anaopeleka kwa wazazi wa msichana. Kwetu Wakamba hao ndio ndoa. Bila hao mwanamke anaweza kuzaa pale, alime, azeeke, na bado ahesabiwe mgeni. Mgeni hazikwi kando ya mwenye boma.

Mama amelima lile shamba maisha yake yote. Kioko mwenyewe amekula mbaazi zake.

Wazee wa ukoo walioko Nairobi watasikiliza Jumamosi, Riruta. Baba alishakufa. Natafuta mashahidi. Nimeshona mkono wa sare ya mtu nje ndani, nikafumua, nikaushona nje ndani tena.

Jumanne, 4 Machi

Mzee Nzioka, rafiki wa Baba. Anakaa karibu nami hapa Kawangware. Ndiye aliyemsindikiza Baba na mbuzi. Anasema mbuzi walikuwa watatu na walitoka asubuhi. Hakusita. Nimekula ugali wote leo.

Jumatano, 5 Machi

Mjomba Mbithi, kaka ya Mama, Riruta. Alikuwa kwao mbuzi walipofika. Anasema wawili. Jioni.

Nimemuuliza mara tatu. Wawili. Nimemuuliza kama macho yake yalikuwa mazuri siku hizo. Alikasirika.

Kioko atacheka mpaka ashikilie mbavu. Atasema hawa hata uongo hawajui kupanga. Akinyi amenijia akilini, nikamfukuza. Sina nafasi ya malaika wiki hii.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaita wazee wote wawili kibandani kwangu. Chai ya maziwa, mandazi. Tumekubaliana: mbuzi watatu, asubuhi. Mjomba aligoma. Nikamwambia ni kwa ajili ya dada yake asizikwe kama mpita njia. Akakubali. Wamerudia mpaka wakatoa maneno yaleyale. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Mchana nikaenda Lindi kwa Shangazi Kalekye, dada ya Baba. Bora nisingeenda. Yeye ana hadithi yake kabisa. Walitoka na mbuzi watatu, lakini Nzioka alikuwa amelewa. Mtoni akaachilia kamba, mbuzi mmoja akatoroka. Baba akafika ukweni jioni na wawili, matope mpaka magotini, akalia mbele ya wakwe. Shangazi aliyaona yote kwa sababu alikuwa ameandamana nao kwenda kusaidia kupika.

Baba kulia. Shahidi wangu mkuu mlevi. Hiyo siwezi kuipeleka mbele ya wazee. Tena ni mwanamke, hata kusikilizwa hatasikilizwa. Nimemwambia asijisumbue kuja, miguu yake ni mibaya. Alinitazama sana. Akasema, "Sawa, Mwende."

Kutoka hapo nimepita kwa Akinyi, meza yake iko njiani. Akanipakia omena bila kuniuzia. Sijui kwa nini nilitaka kulia.

Ijumaa, 7 Machi

Sikushona kitu. Nimefagia mahali palipofagiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoka Riruta kwa wazee.

Mzee Nzioka alisema vizuri. Mbuzi watatu, asubuhi, Mungu ni shahidi. Kisha Mjomba. Mbuzi watatu, asubuhi, Mungu ni shahidi. Hata kikohozi walikohoa mahali pamoja.

Mwenyekiti, mzee mmoja mkimya sana, akawaangalia. Akauliza, "Nyinyi mmekunywa chai ya nani?" Watu wakacheka. Kioko akacheka kuliko wote. Mzee akasema watu wawili walioona jambo zamani hivyo hawawezi kulisema neno kwa neno, labda wamefundishwa. Nilitamani ardhi inimeze. Niliona kama nimemzika Mama nje ya boma kwa mikono yangu mwenyewe.

Ndipo Shangazi akaingia, ameshikilia bega la mwenye bodaboda. Mjomba alikuwa amempigia simu jana. Dhamiri ilimsumbua, na namshukuru Mungu kwa dhamiri yake kwa sababu yangu ilikuwa imelala.

Mzee mmoja akasema wanawake hawaongei hapa. Mwenyekiti akasema huyu ataongea. Shangazi akasema yote, ulevi, matope, machozi ya Baba. Sikujua niangalie wapi.

Mjomba akasimama. Akasema ukweli, yeye aliona wawili, jioni, na alfajiri akarudi kazini. Macho yote kwa Nzioka. Mzee wa watu akainamisha kichwa. Alimtafuta yule mbuzi usiku kucha, akampeleka kesho yake. Kwa aibu, hajawahi kumwambia mtu. Siku zote husema tu watatu, na watatu walifika.

Halafu Shangazi akamgeukia Kioko. "Mama yako alikuwa akimtania vipi mama ya Mwende?"

Kioko ni mbishi, lakini si mwongo. Akasema mama yake alikuwa akimwambia, hata mbuzi wako wa ntheo alikukimbia. Alilisikia neno hilo tangu utotoni. Hakuwahi kufikiria maana yake.

Mwenyekiti hakuhitaji kuuliza tena. Mama atazikwa nyumbani, kando ya Baba.

Jumapili, 9 Machi

Darasa. Sikugusa malaika. Nimechoka na nina haya.

Lakini siachi kufikiria. Wale walioandika Injili wangeweza kukaa pamoja wakanywa chai. Waliokuja baadaye wangeweza kufuta malaika mmoja, au kuongeza mmoja, mambo yakaisha. Waliwaacha vilevile. Wakaacha pia wanafunzi wakikimbia, na Petro akikana. Wakasema waliofika kaburini kwanza ni wanawake, wakati neno la mwanamke halikuhesabiwa kitu. Mimi nilikuwa na Shangazi mmoja tu nikamficha.

Hii haithibitishi kwamba mtu alifufuka. Mbuzi ni mbuzi. Akinyi ataniambia hivyo, na atakuwa na haki. Ila sasa najua ushahidi uliopangwa unafananaje. Nimeupanga mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Mchungaji anataka wasifu wa Mama wa kusomwa mazishini. Nimeandika, nimechana. Kila nikifika kwenye ndoa kalamu inataka kulainisha. Kuacha Baba akilia kwenye karatasi ni kugumu kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 15 Machi

Tumemzika. Upande wa kushoto wa Baba. Udongo ulikuwa mkavu, ukapaa na kutua kwenye nguo zetu. Kioko alishika koleo mwanzo mpaka mwisho, hakumpa mtu.

Nilisoma wasifu mwenyewe. Kaka yake anasema walifika mbuzi wawili. Rafiki wa Baba anasema watatu. Dada ya Baba anasema mmoja alitoroka na bwana harusi akalia. Watu walicheka kidogo, kicheko kizuri. Mzee Nzioka alicheka pia, akajifuta macho.

Akinyi alikuja na basi la kanisa. Baada ya chakula alikuja na karatasi ya wasifu mkononi.

"Mwalimu, hapa ni wawili, hapa ni watatu."

"Najua."

"Na hukurekebisha."

"Hapana."

Aliisoma tena, polepole, kidole kikifuata maneno. Akaikunja, akaiweka kwenye mkoba wake pamoja na Biblia. Akasema nimwandike jina kwa ubatizo. Lakini ile ya malaika ataendelea kuuliza.

Nikamwambia aulize. Tukaenda kumsaidia Shangazi kuosha sufuria.