Hakuna Sumu Katika Koo Yangu

Bunia, siku ya soko

Dieudonné, mutoto wangu, weye ninayekuita baba juu nilikuzaa juma lile tulilomuzika baba yangu, nawe ukaja na kichwa chake kigumu,

Umeamkaje? Mugongo wa muke wako umepona? Watoto wanashiba? Na hasira yako, imelala ao ingali inatembea na panga? Mimi ningali hai. Nimekonda, lakini ulimi ningali nao.

Nilikupigia simu ukakata kabla sijamaliza. Ndiyo maana nimekaa na Katekista wa hapa site ya wakimbizi: mimi ninasema, yeye anaandika. Barua haikatwi. Pastere atakusomea mbele ya muke wako, na utanyamaza mupaka mwisho.

Habari imefika kule kwenu Bule kwamba Mama Furaha amenitilia sumu. Mama Furaha ni yule ninayekaa naye hema kwa hema, tunapikia moto mumoja. Ndiyo, ni mutu wa upande ule tuliopigana nao. Nyumba yao ilichomwa sawa vile ya kwetu ilichomwa. Nawe ulisema kwenye simu, «Kaka yake anakuja soko ya huku kila juma kuuza chumvi. Mama ukikufa, naye atakufa.» Tangu siku ile sipati usingizi, na si juu ya koo.

Koo ilianza hivi. Mama Furaha alinipa kikombe cha uji wa mutama. Nikameza, ukapita njia mbaya, nikakohoa mupaka machozi. Kutoka siku hiyo maji inanitokea puani, na foufou ya muhogo inasimama katikati kama lori kwenye matope. Watu wakasema: sumu. Shangazi yako akanitumia mizizi ya kutapisha. Nilitapika siku mbili, koo ikazidi.

Sasa, katika hospitali moja ya hapa mujini amefika mwanamuke kutoka Kinshasa, wanamuita logopede. Kazi yake ni watu wanaoshindwa kusema na wanaoshindwa kumeza. Nani alisikia habari yake? Mama Furaha. Nani alinipeleka kule, amenishika kiuno kwenye pikipiki? Mama Furaha.

Nilifikiri huyo logopede atafungua koo na kisu. Hapana. Aliniketisha wima, akasema toa ulimi, vimbisha mashavu, sema aaa. Nikamuambia, «Binti yangu, mimi nina wajukuu kumi na mbili, unanifanya mutoto wa masomo?» Akacheka. Akaweka vidole viwili kwenye koo yangu, akaleta kijiko cha maji. Nikafunga mudomo.

«Onja kwanza weye.»

Unajua kwetu: mwenye kutoa kinywaji ndiye anaonja mbele. Hakukasirika. Akakunywa, akachukua kijiko kingine, akanipa. Nikameza. «Sema aaa tena.» Sauti yangu ikatoka kama ya chura ndani ya maji. Pale kicheko chake kikaisha.

Akanipa uji mwepesi, nikakohoa. Akanipa uji muzito, ukapita vizuri. Biskuti ikakwama. Akaniuliza polepole, «Nyanya, kabla ya haya yote, mudomo wako uliwahi kwenda upande? Mukono ulilegea?»

Nikageuza macho. Mama Furaha alikuwa amekaa pale pale, mikono juu ya magoti.

Dieudonné, sikia vizuri. Siku tatu kabla ya ule uji niliamka mate inanitoka upande mumoja, mudomo umepinda, na kikombe kikaniponyoka mukononi. Kufika saa sita ikaisha. Sikumuambia mutu. Niliogopa mungesema, mama amekwisha, sasa ni muzigo. Mimi nilificha, na watu wakamubebesha Mama Furaha sumu ambayo haikuwa. Katekista anasema tusiandike hii, itanitia aibu. Andika! Aibu ni yangu, si yako.

Logopede alinieleza: damu ilikosa njia kidogo kichwani, upande mumoja wa koo ukalegea, na mulango unaofunga njia ya hewa unachelewa kufunga. Sumu haiko. Nikae wima. Kidevu kifuani. Kijiko kidogo, nimeze mara mbili. Maji ikorogwe na unga mupaka iwe nzito. Na foufou, akasema, niitafune. Nikamuambia, «Nani alikulea weye? Foufou haitafunwi, inamezwa!» Akasema, «Basi, Nyanya, usile.» Pale nililia, sikufichi.

Ninaogopa, mutoto wangu. Alisema maji ikizidi kuingia mapafu, homa yake inaua. Mashine ya kupiga picha ya kumeza haiko hapa. Yeye atarudi mwezi ujao, kama ndege zitashuka. Kila asubuhi ninasikiliza kifua changu kama kinapiga filimbi. Lakini woga mukubwa ni ule mwingine: nikikufa na koo hii, weye utachukua panga juu ya jambo nililolificha mimi.

Tangu ile habari ya sumu, Mama Furaha hanilishi bila kuonja. Hakuna aliyemuomba. Kijiko kimoja kwake, kimoja kwangu, macho chini. Leo asubuhi nilimunyang'anya kijiko. «Utanimalizia uji!» Akacheka, kisha akalia, nami nikacheka mupaka nikapaliwa, na ni yeye aliyenisukuma kidevu chini, akipiga kelele, «Meza, mama! Meza tena!»

Basi, nakutuma. Juma lijalo kaka yake atakuwa soko ya huko. Wanamuita Baba Neema, jicho lake moja linalegea, utamujua. Nenda na muke wako, panga ibaki nyumbani. Umuambie weye ni mutoto wa nani. Akikupa maji, kunywa. Usimuambie aonje.

Nisalimie muke wako, na wajukuu wangu mumoja mumoja, hata yule mwizi wa sukari. Nisalimie shangazi yako, umuambie mizizi yake awape mbuzi. Pastere naye, juu ya kusoma yote bila kuruka.

Kidole changu kiko hapa chini, katika wino. Jibu refu silitaki. Tuma neno moja tu: nimekunywa.

Mama yako