Miforsadi Yako ya Kiringye

Papa mpendwa,

Jana nilipita shambani kwako Kiringye, nikakumbuka jinsi ulivyotuchosha. Wenzetu wakitoka shule walicheza. Sisi ulitutuma tukabebe mabua ya mpunga ambayo wenyewe waliyachoma tu, ukayatandaza chini ya miforsadi ya kulishia viwavi mpaka udongo usionekane. Mama Furaha, jirani yetu aliyefuga viwavi wa hariri kama wewe, alicheka mpaka akashika mbavu. "Muone ye! Anafunika miti blanketi, na jua hii!"

Ulichuma jani, ukalikunja katikati. Lisipovunjika, ulituambia, viwavi watalila. Jani gumu huliacha, na lililojaa maji huwaharisha. Ndiyo maana mfereji uliufungua kidogo kidogo, kama Mama alivyotia chumvi. Mzungu aliyekuletea mbegu, yaani mayai ya viwavi, aliondoka wakati wa uhuru, wewe ukazidi kuhangaika na viwavi kana kwamba uhuru ulikuja kwa ajili yao. Tulilala nao chumba kimoja, tukiwasikia wakitafuna. Jinsi ninavyoitamani sauti ile!

Kisha uasi ukaja. Mfereji ukazibwa huko juu, majani yakakauka kwa kila jirani isipokuwa kwako. Nilitia mkono chini ya mabua, nikakuta udongo una baridi na unyevu. Ulitembea kifua mbele siku zile, Papa, usikatae.

Asubuhi tuliyokimbia vita, Mama alikuwa na sufuria kichwani na mdogo wangu mgongoni. Ukasema, "Mutangulie. Miye nitakuya nyuma. Bidudu biko binakula bado, karibu bitajifunga mu hariri."

"Weye unataka kufa juu ya bidudu?" Mama akauliza.

Ulicheka, ukarudi ndani na kapu la majani. Tukavuka Ruzizi, tukakungoja upande wa Burundi mpaka Mama akaacha kukuwekea chakula. Hukuja.

Hapa Kiringye, tulikorudi, watu bado wanakusifu kwamba ulijua kulima, nami naringa, kwa kuwa ni kweli. Lakini kuna jambo linaniuma. Majani ya Mama Furaha yalikauka, viwavi wake wakafa, akavuka na watoto wake wote. Majani yako yalibaki laini. Ningejua, Papa, ningeyazoa mabua yale yote kwa mikono yangu, shamba likauke, uje nasi.

Lala salama.

Binti yako mwenye mdomo