Bustani Iliyofunikwa na Mchanga

Mjukuu wangu Esta,

Marahaba, mama. Huku Magomeni tupo, ingawa babu yako hainuki tena kitandani. Nililia niliposikia kibanda chako cha chakula huko Mikumi kimeungua chote. Unaniuliza uanzie wapi.

Nilipokuwa binti, mto ulifurika ukafunika bustani yangu ya vitunguu kwa mchanga. Sikuwa na kazi nyingine. Nilikaa chini nikiutazama mpaka shangazi yangu akaja na jembe.

"Shangazi, siwezi. Ni mchanga mtupu mpaka kule mtoni."

"Nani kakwambia mpaka mtoni? Fukua hapo ulipokaa. Likipatikana tuta moja, twende zetu nyumbani."

Nikafukua huku nalia. Kesho yake tukafukua tuta jingine. Msimu ule nilivuna vitunguu vya kona moja tu. Sehemu kubwa ya bustani sikuipata tena.

Sitakudanganya kwamba uchungu uliisha. Ila usikifikirie kibanda kizima. Tafuta jiko na sufuria, upike chai ya asubuhi ya kuuza, basi. Ukishindwa hata hilo, njoo ulale kwangu kwanza.

Bibi yako,
Veronika