Mdoli Asiyesalimiwa

Jumatano. Baridi ya Sumbawanga leo haina adabu. Upepo unapiga tangu asubuhi, na moyo umenikaa vibaya.

Leo nimemponza mtoto.

Kwa msionijua: natibu watoto kwa njia ya michezo. Nina chumba chenye mkeka, beseni la mchanga na midoli ya vitambaa niliyoishona mwenyewe. Mtoto hahojiwi. Anacheza, mimi nakaa chini pembeni, natazama. Asichoweza kukisema atakicheza. Watu hunicheka kwamba nalipwa kuchezesha watoto, na kejeli hiyo huniuma kuliko ninavyoonyesha.

Neema (si jina lake) ana miaka sita, anatoka upande wa Kaengesa. Aliacha kuongea miezi michache baada ya kufiwa na baba yake. Huletwa na baba yake mdogo, anayeishi nao sasa.

Wiki tatu mchezo wake ni uleule. Midoli inachuchumaa na kupiga makofi, kama tunavyosalimia wakubwa huku Ufipa. Bibi anapigiwa, mama anapigiwa, hata mbuzi! Kisha anakuja mdoli mrefu. Huyo hapigiwi. Wote wanakimbilia kwenye kihenge, yaani kopo la maziwa analolifanya ghala la mahindi, na Neema analifunika kwa viganja.

Nikaamua kwamba mdoli mrefu ni kifo kilichomchukua baba. Nikajiona mtaalamu kwelikweli.

Leo baba mdogo alikuja kumchukua mapema. Akasimama mlangoni, akacheka: "Dada, yaani nauli yote hii ni ya midoli?"

Mimi na mdomo wangu! Yanayochezwa chumbani hayatoki chumbani, na wenzangu nawafundisha hivyo. Lakini nilitaka aniheshimu. Nikamweleza yote: makofi, kihenge, yule mrefu.

Akaacha kucheka.

Ndipo nikamtazama Neema. Mtoto anayechuchumaa na kumpigia makofi hata mama wa usafi alikuwa amesimama, mikono nyuma. Sijawahi kumwona akimsalimia yule bwana. Wiki tatu! Nilikuwa naangalia nini?

Alisema mtoto amepona, hatamleta tena. Akamshika mkono wakaondoka, na mimi nikawaacha waende kama mjinga.

Saa tisa alasiri nikapiga simu ya mama yake Neema. Akapokea baba mdogo. Mama amelala, akasema. Na Neema? Naye amelala. Akakata. Nimepiga tena mara nne, simu imezimwa.

Nimempigia afisa ustawi wa jamii, nikamweleza bila kujitetea. Ameshawaarifu polisi wa dawati la jinsia; sisi tunatangulia nyumbani kwa kina Neema, wao wanatufuata. Anasema kosa langu tutaliongea baadaye, nivae koti zito.

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi katika kazi hii.

Pikipiki ya afisa inapiga honi nje. Ee Mungu, nimkute Neema mzima.