Sahani ya Ndege na Matofali ya Mama

Tarehe 6, mwezi wa pili

Ndiyo dada, ni mimi. Hakuna jini huko. Unauliza nilijuaje umejikata kidole gumba mpaka nikakuandikia ukifunge kitambaa? Nilikiona! Hiyo kamera waliyoifunga hapo kazini kwako, mbele ya sahani unayowalishia ndege, mwenye simu yeyote anachungulia kwenye mtandao. Kila asubuhi unapomwaga mtama nauona mkono wako, mpana kama wa marehemu baba. Halafu unaondoka, nabaki na ndege.

Shikamoo lakini. Kifua kinaendeleaje na hilo baridi? Sisi wazima, ila mama mgongo, na anakusalimia sana. Barua naituma na dereva wa gari la mbao, maana mtandao huko msituni ni wa kamera peke yake, simu yako ni kipande cha sabuni tu.

Usidhani nimekosa kazi. Viatu vya mtumba bado nauza, simu za watu nachaji. Kuchungulia huko ni kazi ya tatu. Mvua ya hapa inashuka kutoka kwenu huko mlimani. Ukungu ukimeza ule mti nyuma ya sahani, najua nina muda wa nusu kikombe cha chai, kisha mbio nikafunike matofali. Ni ya mama hayo. Ukuta wa nyuma wa nyumba yake uliondoka na mvua, na mpaka leo analala stoo ya kinyozi, kati ya viti vibovu na kioo kilichopasuka. Anasema akiamka anajiona wawili, na wote wamechoka. Nimeapa: mvua kubwa ya masika haimkuti humo.

Mimi na fundi tumefyatua, yako uwanjani yanakauka kabla ya kuchomwa. Yakilowa sasa yanarudi kuwa uji. Shida ni kwamba ukungu mara nyingine unachelewa. Ndege hawachelewi. Mvua ikikaribia wanaivamia sahani kama wageni wasioalikwa harusini. Yule mdogo wa njano nimempa cheo cha Meneja, kwa sababu anafika wa mwisho na kufukuza wote. Fundi anacheka: "Mtu mzima na ndevu zako, unapokea amri kwa ndege!" Mwache acheke. Matofali makavu.

Mdogo wako,
Mziwanda


Tarehe 15, mwezi wa pili

Marahaba, mziwanda. Mimi mzima, kidole kimepona, kifua ni kilekile. Mpe mama pole ya mgongo.

Nimecheka peke yangu mpaka bosi akatoka nje kuangalia. Miaka yote hii namwaga mtama nikidhani wanaoniona ni kima tu. Siku hizi nanawa mikono kwanza, nisikuaibishe.

Lakini mama kulala stoo hukuniambia mapema! Barua ya nyuma uliandika "mama yuko kwa kinyozi," nikajua kaenda kupiga soga. Nimeomba likizo nije. Bosi kasema sawa, ila nani atajaza sahani? Watu wakichungulia wakakuta tupu wanamjia juu yeye. Sina wa kumwachia.

Basi nimekufurahisha kwa nilichoweza. Tangu juzi namwaga mtama na mchana pia, uwaone ndege wako vizuri ukiwa kibandani kwenye viatu vyako. Umewaona? Hawajawahi kujaa hivyo.

Dada yako


Tarehe 2, mwezi wa tatu

Mziwanda, hujambo? Mama hajambo? Mbona kimya? Dereva kaja mikono mitupu. Mvua imepita hapa kuelekea huko, na haikuwa ya mchezo. Matofali je? Labda hutazami tena, ndiyo maana mchana nimeongeza kopo la pili. Niandikie hata matusi.

Dada yako


Tarehe 5, mwezi wa tatu

Shikamoo dada. Matusi umeyaomba mwenyewe, kaa chini.

Mama mzima, mimi mzima. Dereva alisahau barua yako ya kwanza chini ya kiti, leo ndiyo kanipa zote mbili kwa pamoja. Kumbe ni wewe na mtama wako wa mchana! Mimi kila mchana naona ndege wamejaa, Meneja anapiga wenzake vichwani, napiga kelele, "Mvua! Funikeni!" Tunafunika, jua linawaka mpaka kisogo kinatoa moshi. Kesho yake tena. Matofali yakatoka jasho chini ya turubai, fundi akaacha kucheka. Nikasema hawa ndege ni waongo, leo sifuniki. Siku hiyohiyo mvua ikaja. Dada, ni uji. Uwanja mzima. Fundi kaniambia, "Tafuta fundi mwenye mbawa," akaenda zake.

Nilikaa juu ya ndoo nikacheka mpaka mama akadhani nalia. Labda alikuwa sahihi. Lakini kesho yake nilishaanza kuchimba udongo mwingine. Mvua kubwa haijafika, na kiapo ni kilekile. Tatizo ni mikono. Mimi nikichanganya udongo unakuwa mwepesi, tofali linatoka limepinda kama mzee mwenye njaa. Wewe ndiye uliyekuwa ukifyatua na baba.

Basi tupatane. Wewe njoo, ushike kalibu ya kufyatulia, ulale na mama, umkemee akibeba ndoo. Mimi napanda huko kumwaga mtama, asubuhi tu, mchana hapana! Bosi wako ana mtu wa sahani, kwa hiyo likizo unayo. Mvua ikinukia naweka kiganja mbele ya kamera, wewe unafunika. Nikimlaza ndege hata mmoja na njaa, utaniona kwenye simu, utanitukana uwanja mzima usikie, na mama ataniona nikifanya kazi kwa macho yake, kitu anachosema hajawahi kukiona. Na wewe ukitoa tofali bovu, mimi sikuoni. Umeona nilivyokupendelea?

Mpe dereva neno moja tu, ndiyo. Safari inayofuata mimi ndiye mzigo wake wa kupanda, wewe wa kushuka.

Mdogo wako,
Mziwanda