Mubirizi wa Makaburini

Jumatatu, 11 Oktoba 1999

Mama amekataa vidonge tena. Nimevikuta amevifunga kwenye ncha ya kitenge, kama mtoto aliyeficha pipi. Kwake yeye, bila kutanguliza maji ya mubirizi, yale majani machungu ya kwetu, dawa ya hospitali haishiki mwilini. "Mi sitameza hivi hivi," anasema. "Lete mubirizi, njo nitameza." Homa haitoki. Asubuhi foleni ya zahanati, mchana cherehani, jioni mabishano. Nimechoka na dawa, nimechoka na Mama, nimechoka na kuchoka.

Jumatano, 13 Oktoba

Wanafunzi wangu wa biolojia kule Uvira wangenicheka. Madamu anatafuta mubirizi! Kichaka cha kawaida kuliko vyote. Kwetu umejaa kando ya ziwa, tangu midomo ya mito hadi nyuma ya nyumba za watu. Unataka unyevu na jua, basi. Chomeka tawi, litaota. Burundi upo, Tanzania upo, hata huku Malawi upo, wanauita futsa. Sikuwahi kuandika ubaoni kwamba uko hatarini, kwa sababu hauko. Duniani tele. Hapa kambini Dzaleka hakuna hata mmoja. Tulikimbia vita, tukafika hapa, tukakata kila chenye kuwaka. Matawi yalipoisha tukachimba mizizi. Simlaumu mtu. Juzi nimechemsha maharage kwa mizizi ya mti nisioujua hata jina.

Jumamosi, 16 Oktoba

Lilongwe. Minibasi, vumbi, kusubiri. Niliufuata mto pale sokoni nikidhani kwenye maji hautakosekana. Kingo zote zimelimwa mpiru na miwa hadi majini. Muuza dawa mmoja alikuwa na unga wa futsa kwenye karatasi. Nikanunua. Mama ameunusa mara moja tu, akanirudishia. "Hii iko vumbi." Siku nzima imekwenda hivyo. Miguu imevimba. Nilimkasirikia hadi nikajiogopa, nikatoka nje.

Jumanne, 19 Oktoba

Nimeupata!

Nilivuka kambi, nikapita kijiji, nikateremka upande wa bondeni. Kuna kijisitu kimoja kimesimama peke yake katikati ya mashamba matupu. Mwalimu aliye ndani yangu akaamka: hapa maji ya chini yako karibu, ndiyo maana. Ndani kuna ubaridi na ndege, vitu nilivyokuwa nimevisahau. Na mibirizi mirefu kuliko mimi, majani mapana, haijaguswa na mtu. Nilichuma majani, nikakata matawi ya kupanda mlangoni kwetu. Mama amekunywa. Amekunja uso kwa raha yake yote. Amemeza vidonge. Kisha akaomba uji. Nimelia jikoni, sufuria mkononi.

Ijumaa, 22 Oktoba

Wanaume wamekuja kutoka kijijini. Wamekuja na NaPhiri, mama wa huko anayeniuzia nyanya, awe mkalimani. Kijisitu changu ni makaburi yao. Hapo hakikatwi hata kijiti cha meno, na ndiyo sababu pekee kimebaki. Kwetu makaburi tunayafyeka, msalaba uonekane toka barabarani. Anayeacha kaburi la mzazi limezwe na majani anasemwa kanisani. Kwa hiyo niliona msitu, nikasema maji. Miaka yote nimewaambia watoto kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza.

"Pepani, pole Mama," NaPhiri akaniambia. "Ungeniuliza tu."

Wametaka kuku, na matawi yao yarudi. Kuku tulikuwa naye mmoja. Matawi nimeyang'oa mwenyewe pale mlangoni, nikamkabidhi mzee wao, yule mlinzi wa makaburi. Mama alikuwa anatazama yote toka mkekani.

Jumatatu, 25 Oktoba

Majani niliyochuma yamekwisha. Vidonge viko kwenye ncha ya kitenge tena. Nimebembeleza, nimefoka, nimepiga magoti. NaPhiri ameagiza majani kwa dada yake aliyeko Nathenje, yatafika siku mbili tatu hizi. Nimemwambia Mama avumilie. Hakubishana. Mama asiyebishana si Mama. Ninaogopa.

Alhamisi, 28 Oktoba

Mama amefariki alfajiri.

NaPhiri alifika saa nne na mfuko wa majani, mabichi kabisa. Uko pale mlangoni. Sina nguvu ya kuusogeza.

Ijumaa, 29 Oktoba

Tumemzika. Watu wa kanisa walikuja. Walikuja pia wale wanaume wa kijiji, wale wale, wakavua mashati wakachimba na wenzetu. NaPhiri anasema kwao ugomvi ni ugomvi, msiba ni msiba. Nilitaka kuwachukia, sikuweza.

Tulipomaliza, yule mzee akayatazama makaburi yetu ya kambini. Udongo mwekundu na misalaba, hakuna hata kivuli cha kuku. Akasema kitu. NaPhiri akanitafsiria: wafu wenu mmewaacha juani. Kisha akatoa tawi kwenye koti, akalichomeka kichwani pa Mama, akalimwagia maji. Futsa. Lilikuwa mojawapo ya yale niliyorudisha, nalijua, kisu changu butu kilikuwa kimelichanachana. Nikauliza, je, haikatazwi? Kutoka makaburini kwenda makaburini, akasema, hakuna kosa.

Zikomo, nikamwambia, asante kwa lugha yao.

Jumapili, 19 Desemba

Mvua imeshika. Baada ya ibada nilikwenda kwa Mama. Tawi limekubali, limetoa majani mapana. Wanaotafuta kuni wanapita pembeni, habari imeenea kwamba pale hapakatwi. Baba mmoja wa Fizi, jirani na kwetu Uvira, naye amechomeka la kwake kwenye kaburi la binti yake. Kwa hiyo sasa Dzaleka ina mubirizi. Hautaguswa, na wa kwanza kutougusa ni mimi.

Homa imenishika tangu jana. Nilikaa pale, majani yakinigusa bega. Kisha nikarudi nyumbani, nikameza vidonge vyangu kwa maji matupu.