Kumbe Ni Ngano, na Wewe Ulijua

Kisegi, Suba Kusini,
Homa Bay.
8 Julai 2025

Mpendwa shemeji Jacktone,

Natumaini wewe na Cate hamjambo huko Ireland, na baridi haiwasumbui sana. Huku tunaendelea. Mdogo wako Ochieng bado anavua, ingawa omena wamekuwa haba mwezi huu. Mama yenu goti linamsumbua, lakini kila asubuhi utamkuta sokoni na karai lake la mandazi. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo imechafuka, na leo utanisikiza.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu ujumbe wa simu unausoma, alama zinageuka buluu, halafu kimya.

Unajua vile Joyline wangu aliugua. Mwaka mzima mtoto anaharisha, tumbo limefura, mikono imebaki mifupa. Hospitalini walipima malaria, taifodi, minyoo, kifua kikuu. Ukimwi walirudia kupima mpaka muuguzi akaona haya kunitazama. Mama alikuwa na jibu lake: chira. Ati nilipanda mahindi kabla yeye hajapanda, nikavunja mwiko, ndiyo maana mtoto anakonda. Alisema hayo mbele ya majirani, shemeji! Joyline akanyweshwa manyasi, zile dawa za mizizi, hadi akawa anatapika akiona kikombe tu.

Na watu wa hapa wanajali mgonjwa, hilo siwakatalii. Hakuna anayekuja kumwona mikono mitupu. Kila aliyeingia alileta mkate na soda. Mama naye alimwekea andazi la kwanza kutoka kwa karai, lile laini. Ugali tulimwondolea, tukasema ni mzito kwa mgonjwa. Tulimlisha mkate kwa upendo, na kadiri tulivyomlisha ndivyo alivyozidi kuisha.

Mwezi wa tano nilimpeleka Migori kwa daktari mmoja anayeitwa Maroa. Huyo ndiye wa kwanza kuuliza mtoto anakula nini. Akampima damu, akampima utumbo, majibu yakasema ni ugonjwa uitwao siliaki. Ngano inamwumiza utumbo mpaka chakula hakimsaidii tena. Nikamwuliza, wenye ugonjwa huu wako wangapi huku kwetu, Migori na Homa Bay? Akasema tangu aanze kazi huku, Joyline ndiye wa kwanza kwake. Huko kwenu Ulaya, akasema, ni kama mtu mmoja kwa kila mia.

"Huku hawaonekani kwa sababu hatupimi, mama," akaniambia. "Wengine tumewazika tukiwaita majina mengine."

Akaniuliza kama kuna mtu kwenye ukoo aliye nao, maana unafuata damu. Nikasema hakuna. Niliapa kabisa.

Halafu nikampigia Cate kumweleza, naye kwa wema wake akasema, "Kumbe ni ile ya Jacktone!" Wueh! Miaka sita umejua, umepimwa, umepewa chakula chako cha kipekee, na sisi hukutuambia hata neno.

Sasa ndio naelewa ile Krismasi uliyokuja. Ulikataa chapati, ukakataa keki, ukala ugali na samaki wa mbuta siku zote, na kijiji kizima kikakusifu: ona, hajasahau kwao. Mama alilia kwa furaha. Ukanyamaza, ukapokea sifa. Na nilipokutumia picha ya Joyline mbavu nje, ulinijibu, "Pole shem, tuko kwa maombi." Maombi! Ulionea haya nini, Jacktone? Nimeitwa muuaji wa mtoto wangu, na jibu ulikuwa unatembea nalo mwilini mwako.

Tangu aache ngano Joyline alikuwa ameanza kushika mwili. Lakini Mama haamini. Ati huo ni ugonjwa wa wazungu, na mimi nimetukana mandazi yake. Jumapili nilimkuta mtoto nyuma ya jiko akila andazi alilopewa na nyanya yake kwa siri. Tangu hapo analala amejikunja, anaharisha tena. Daktari alisema hata kipande kidogo kinamrudisha nyuma, na hana nguvu ya kurudi nyuma tena. Ochieng anaogopa kumkanya mama yake. Neno langu kwake ni la mvunja mwiko. Lako wewe, kifungua mimba wake, hawezi kulipinga.

Mpigie Mama simu. Usimtume Cate. Mwambie kwa mdomo wako kwamba hata wewe unao, na kwamba mimi sikumletea mtoto chira.

Msalimie Cate, sina kinyongo naye. Dada yenu Trizah wa Sori anawasalimu. Kitinda mimba wake ameanza kuharisha na kukonda, na wiki jana nilimkuta akimlisha mkate kwa chai. Mungu awalinde huko, na akufungue mdomo.

Joyline naye anakusalimu. Anauliza kama na wewe tumbo huuma hivi. Nimemwambia mimi sijui, akuulize mwenyewe siku utakayopiga.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kwa shida sasa,
Phelesia